Mkono wa Kushoto wa Kasongo

Mimi Mwanaima binti Hamdani, mzaliwa wa Ujiji, sijui kusema polepole, na mume wangu Kasongo alilijua hilo kabla hajanioa. Anayetaka kusikia habari zake kwa sauti ya upole na amtafute mtu mwingine. Mimi nasema nilivyoyaona. Mwaka jana, sabini na nne, niliishi kwa hofu, hofu ile ya kukaukiwa mate mtu akipiga hodi tu. Niliogopa jambo moja: watamchukua mume wangu, wampandishe meli, wamrudishe ng'ambo.

Ng'ambo kwetu ni Kongo. Siku isiyo na ukungu unasimama Ujiji unaiona milima yake. Kasongo alivuka kuja huku mwaka wa sitini na nne, wakati wa vita vyao, ndani ya mtumbwi wa wavuvi, na shati moja mwilini. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Miaka miwili baadaye akaja kwa baba kunichumbia. Alikuwa Mkristo, akasilimu, akapewa jina la Ramadhani, lakini hakuna aliyemwita hivyo, hata shehe mwenyewe alimwita Kasongo. Aliniambia kwamba alikuwa na mke huko, aitwaye Melania, na kwamba alikufa vitani. Nikamwonea huruma. Mwanamke akishamwonea mwanamume huruma, basi tena.

Kazi yake ilikuwa kufagia ukumbi ulio karibu na stesheni ya Kigoma. Zamani ulikuwa klabu ya wazungu wa reli, sasa ni wa wananchi. Wazungu walipoondoka waliondoka na viti vya ngozi na meza ya biliadi. Piano wakaiacha, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa na hakuna aliyetaka kuhangaika nayo. Kasongo akaiwekea tofali. Vinyundo vya ndani vilivyochakaa akavivalisha vipande vya kofia kuukuu, nyuzi zilizokatika akaziacha zilivyo, akawa anazikwepa anapopiga. Akimaliza kufagia, saa tisa hivi, hukaa akapiga hadi magharibi. Hakuna aliyemkataza, maana vijana walipenda, na hata mabibi wa sokoni walikuwa wakipumzisha vikapu pale dirishani.

Sasa upigaji wenyewe. Kule Albertville, ambako siku hizi wanakuita Kalemie, Kasongo alikuwa mtumishi katika hoteli ya Mgiriki mmoja. Mgiriki yule alikuwa na gramafoni na santuri za watu weusi wa Amerika, wapiga piano wa zamani, wa enzi za baba zetu. Kasongo alikuwa akifuta meza huku anasikiliza, na Mgiriki akienda kulala mchana, yeye anajaribu kwenye piano ya hoteli. Jazi ile kazi yote iko mkono wa kushoto. Unagusa sauti nene kule chini, halafu mkono unaruka juu kufinya sauti tatu nyembamba kwa pamoja, unarudi chini, unaruka juu, bila kupumzika, na mkono wa kulia unacheza unavyotaka. Kasongo alisema Waamerika wanauita kwa jina la hatua ndefu, na kweli, ukiutazama ule mkono ni kama mtu anayevuka matope akitafuta mawe ya kukanyaga.

Lakini mume wangu hakupiga kama santuri. Mkono wa kulia aliutia nyimbo za magitaa ya dansi, zile vijana wanazozijua. Na ule wa kushoto aliuvunja. Badala ya chini juu, chini juu, ulikwenda chini chini juu, chini juu juu, ukasimama kidogo, ukaanza tena. Nilipomuuliza alisema ni ngoma ya babu yake. Babu yake alikuwa mpigaji wa gogo, mti uliotobolewa ndani ukaachiwa midomo miwili, mmoja sauti nene, mwingine nyembamba. Akasema jazi ya Waamerika na gogo la babu ni ndugu, zimepotezana tu. Nami nikamwambia ndugu hao wasimcheleweshe, akirudi anikute nimeshapakua.

Hayo yalikuwa maisha yetu, tukazaa watoto wawili, na sikuwa na hofu.

Hofu ililetwa na Feliksi. Huyu ni kijana wa Chama, alikuwa akilinda ule ukumbi, kijana mwenye bidii mpaka anachosha. Siku moja mchukuzi kutoka ng'ambo alikuwa akipita na gunia kichwani. Alipofika dirishani, Kasongo akipiga, akalitua gunia, akavua kofia, akauliza, "Nani anaita humu?" Feliksi akamrukia. Anaita nini? Anamwita nani? Yule mtu akaogopa, akajitwisha gunia lake akaenda zake mbio hata maneno hakuyangoja. Feliksi naye akaenda kuandika barua. Akaandika kwamba Kasongo, mgeni asiye na kibali, anatumia piano ya wananchi kupeleka habari ng'ambo.

Mtacheka. Sisi hatukucheka. Ule haukuwa mwaka wa kucheka. Malori yalikuwa yakipita barabara ya Kasulu yamejaa vitanda, mbuzi na bibi vizee, watu wanahamishiwa vijijini. Jamaa zetu wa Kidahwe walihama na nyumba zao zikabaki wazi. Miaka miwili kabla yake watu wa Burundi walikuwa wamekimbilia huku kwa maelfu, na ng'ambo kwenyewe bunduki zilikuwa hazijanyamaza vizuri. Wageni wakaanza kuandikishwa upya. Aliyetajwa vibaya hakupewa cheti, na asiyepewa cheti alipandishwa meli. Nilimjua mmoja aliyepandishwa, fundi baiskeli, na mkewe mpaka leo hajui kama yuko hai.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Telesphory, ni Muha wa watu, mtu mwema, lakini siku hiyo alikuja hata salamu yake ya "Mwakeye" hakuisema kwa raha. Aliketi ukingoni mwa kiti. Akasema kamati ya Chama imekaa, imeamua Kasongo aje apige piano mbele yao, na wamemtafuta mtu anayeijua lugha ya magogo, bibi mmoja wa Ilagala anayeitwa Honorata, binti wa mpigaji. Yeye atasikiliza aseme ile piano inasema nini. Ikiwa ni muziki tu, cheti atapata. Ikiwa ni kitu kingine, yeye Telesphory hana mkono wa kumsaidia. Alipoondoka chai yake ilikuwa haijaguswa.

Ndipo nikajua kwamba ngoma ya babu ilikuwa inasema. Miaka minane ninalala na mtu, sijui mkono wake unasema! Nikamgeukia.

"Inasema nini, Kasongo?"

"Mambo ya zamani," akasema.

"Zamani gani?"

"Mwanaima, ni ngoma ya babu. Lugha yetu inapanda na kushuka, na gogo linafuata kule kupanda na kushuka. Ni mambo ya zamani tu."

Nikamwamini, au tuseme sikuwa na nafasi ya kutokuamini. Nikamwambia aache kupiga kuanzia leo. Kesho yake akapiga. Nikamwambia tena, nikalia, nikamtukana, nikamwambia ana kichwa cha jiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu, akaenda akapiga. Watoto nikawapeleka Rusimbi kwa dada yangu, nilikuwa sitaki waone baba yao akikamatwa. Nikafunga kifurushi, kanga mbili, unga na picha ya harusi, nikakiweka nyuma ya mlango, maana nilikuwa nimeapa kwamba wakimchukua nami napanda meli hiyohiyo. Jirani yangu Eufrasia, ambaye kila siku huja kuomba moto, akaanza kuwasha kiberiti chake. Hapo ndipo nilipojua tumekwisha.

Usiku wa kuamkia siku ya kamati nilimwapisha. Nilimshika mkono, ule wa kushoto, nikamwambia aape kwamba kesho atapiga jazi ya Mgiriki kama ilivyo kwenye santuri, chini juu, chini juu, tupu, hakuna babu. Ikiwa mkono hausemi kitu, yule bibi hatakuwa na la kusema. Akaapa. Akaapa kwa watoto wetu.

Kamati ilikaa saa kumi za alasiri. Mwenyekiti mezani, wajumbe sita kwenye mabenchi, Feliksi amesimama amevaa shati lake la kijani, Mzee Telesphory anatazama sakafu. Wanawake hatukuitwa, lakini nani angenizuia? Nilisimama ukutani karibu na mlango, mgongo wangu umelowa jasho.

Bibi Honorata aliletwa na lori, mgambo wawili pembeni yake. Nilikuwa nimemtazamia mtu mkubwa. Alikuwa kibibi kidogo, mkavu, ananuka moshi wa kukaushia samaki, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikaitazama ile mikono. Nilielewa papo hapo. Na huyu naye cheti hana. Alivuka kutoka ng'ambo akakaa Ilagala tangu enzi za Wabelgiji kule kwao, hajaandikwa popote, na leo serikali imemfuata kibandani mwake. Mtu wa namna hiyo atasema lolote ambalo kamati inataka kulisikia. Wakitaka jasusi atawapa jasusi ili yeye arudi salama kwa samaki wake.

Alipopita mbele ya Kasongo akamsalimu kwa lugha yao, maneno mawili au matatu. Nikamwona mume wangu akinyanyua kichwa. Miaka minane sikuwahi kumwona na uso ule.

Akaketi, akaanza. Mwanzoni alipiga kama alivyoapa. Jazi safi ya Mgiriki, chini juu, chini juu, mkono unaruka sawasawa kama cherehani, na mkono wa kulia unamwaga sauti ndogondogo mpaka mjumbe mmoja akaanza kutikisa mguu. Bibi Honorata alikuwa ameinama tu, hasemi. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, ya Rabi, bado kidogo, mfunge mkono wake bado kidogo.

Halafu ukavunjika. Chini chini juu. Chini juu juu. Ukasimama, ukaanza tena. Nimeusikia mkono ule miaka minane, nausikia nikiwa sokoni, nausikia nikiwa na uchungu wa uzazi, siwezi kuukosea. Alikuwa anamtazama yule bibi, hatazami piano, na mkono wa kulia aliuacha ukafifia mpaka ukabaki kidole kimoja, ili wa kushoto usikike vizuri. Nilitaka kupiga kelele. Nikauma pindo la kanga yangu.

Bibi Honorata alisimama. Mikono yake iliacha kutetemeka. Akasimama wima, ameshusha mtandio mabegani, akasikiliza mpaka mume wangu akanyanyua mikono na piano ikanyamaza.

Mwenyekiti akauliza kama kuna lililosemwa. Feliksi hakungoja, akasema bila shaka lipo, kila mtu ameona bibi alivyosimama. Mwenyekiti akamwambia akae, akauliza tena.

"Lipo," akasema Bibi Honorata.

Nilifumba macho.

"Anasema, anayesikia na asimame. Ndivyo gogo linavyoanza. Kisha anasema hivi: Melania, binti wa mchonga mitumbwi wa kijiji cha Mtoa. Mimi Kasongo sikufa. Nilivuka. Niko Kigoma, kwenye nyumba kubwa karibu na reli. Njoo." Akapandisha mtandio wake. "Basi. Anarudia hayohayo."

Mwenyekiti akamuuliza Kasongo Melania ni nani. Mume wangu akasema, bila kugeuka upande wangu, "Ni mke wangu."

Wajumbe wote sita wakageuka kunitazama mimi ukutani. Kisha mmoja akacheka, na mwingine, mwenyekiti mwenyewe akacheka mpaka akatoa leso kujifuta macho. Feliksi akawa anatafuta pa kuuficha uso. Mwenyekiti akasema yeye alikuwa amejiandaa kukamata jasusi, kumbe ni mtu na mapenzi yake. Serikali, akasema, haina kesi na mwanamume anayemwita mkewe. Kesi hiyo ni ya yule mama pale mlangoni, nayo kamati haiiwezi. Wakacheka tena. Wakaandika palepale kwamba Kasongo apewe cheti, Mzee Telesphory awe mdhamini wake.

Wiki nzima nilikuwa nimemwomba Mungu aniachie mume wangu. Akaniachia. Na mimi nimesimama pale ukutani, nimepigwa ganzi, nahesabu. Wafu hawaitwi kwa piano. Hakuna mtu anayemwelekeza maiti njia ya kufika karibu na reli.

Lori la Ilagala lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili, na mgeni hakuachwa na njaa nyumbani kwa baba yangu, wala kwangu haachwi. Nikamchukua Bibi Honorata nikampikia ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Alikula vizuri, tena polepole, anachambua miiba kama mtu wa kazi hiyo. Nilimshukuru, maana kweli aliyaokoa maisha ya mume wangu kwa kusema ukweli. Nikamwambia, alhamdulillahi, mambo yamekwisha.

Aliacha kutafuna. Akaniuliza kama mume wangu hakunieleza desturi. Desturi gani? Akanieleza. Kwao gogo la kijiji kimoja halifiki mbali, ndiyo maana kila anayelisikia lazima alipeleke mbele, kijiji hadi kijiji, mpaka limfikie aliyeitwa. Hata awe mgonjwa, hata awe anazika. Ndiyo maana linaanza kwa kumsimamisha msikilizaji. Jumatatu, akasema, wavuvi anaokaa nao wanavuka kupeleka chumvi Mtoa. Atawatuma.

Nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Miaka minane Kasongo alikuwa akipiga na hakupata mtu wa kumsikia mpaka mwisho. Kamati yenyewe ndiyo iliyomletea, kwa lori, na mgambo wawili. Na yeye, badala ya kuokoa shingo yake kama alivyoniapia, alipomsikia bibi anajua lugha, akasema yote. Alikuwa tayari kupandishwa meli, alimradi Melania afikishiwe maneno.

Nilipiga magoti mbele ya yule bibi. Mimi, binti Hamdani! Nikamwambia nina watoto wawili. Nikamwambia asahau, aseme hakusikia vizuri, masikio ya utu uzima. Nikavua kanga yangu mpya nikamwekea mapajani. Aliikunja vizuri, akanirudishia.

"Kamati ningeweza kuidanganya, mwanangu," akasema. "Hili siwezi."

Akanawa mikono, akashukuru kwa chakula, akaenda kupanda lori.

Kasongo alikuwa ameketi uani, mikono imemlala magotini. Nilimwendea na mwiko, na wallahi nilikuwa sijaamua nitaufanyia nini. Nikamwambia, uliniambia amekufa. Akasema aliambiwa amekufa, na watu waliokimbia naye, lakini yeye hakumzika, na mtu ambaye hukumzika huwezi kumwacha hivihivi. Nikamuuliza kama angenifanyia na mimi hivyo, kuniita miaka minane. Akaitazama mikono yake. Nililia mpaka nikachoka, na yeye hakunigusa wala hakuondoka. Dini inamruhusu wake wawili, sikatai, najua. Moyo wangu ndio haujaruhusu. Mwishoni nikauliza lile moja lililobaki.

"Akija?"

Aliuchukua mwiko mkononi mwangu, akauweka chini.

"Utampa chakula, Mwanaima," akasema. "Atakuwa amechoka."

Cheti kilitoka baada ya mwezi mmoja, na mhuri wake. Hakuna tena wa kumpeleka mume wangu popote, na Eufrasia amerudi kuomba moto. Kasongo anapiga piano kama kawaida, ila mkono wa kushoto sasa unaruka chini juu, chini juu, hauna la kusema, maana alilokuwa nalo limekwenda. Na kila siku mitumbwi ya ng'ambo inapofika hapa mwaloni Ujiji mimi napika sahani moja zaidi, kama alivyosema. Naifunika. Kisha nakaa mlangoni, natazama njia inayotoka ziwani, na namwomba Mungu asije mtu.